Upeo Uliokaa Kiunoni: uchambuzi wa shoti moja ya Bagamoyo

Shoti yenyewe ni ya sekunde 9. Kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu 225. Mwanamke amesimama ufukweni Bagamoyo, pakacha kichwani, anatazama bahari, na mbele yake majahazi yanapita yakiwa yametweka. Ni sehemu ya filamu fupi ya kihistoria inayohusu Februari 1874, mwezi ambao mwili wa David Livingstone ulifika Bagamoyo ukiwa umebebwa na watumishi wake, akina Chuma na Susi, kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofia Mei 1873. Mwongozaji hakutaka kuonyesha maiti wala msafara. Alitaka mtu wa mji, siku yake ya kawaida, na bahari yenye vyombo.

Bahari ya namna hiyo haipo tena. Ukisimama leo karibu na soko la samaki utaona boti za faiba zenye mashine, ngalawa, mashua, na jahazi moja moja. Kwa hiyo vijana waliopewa kazi waliamua kuunganisha picha. Mwigizaji alipigwa uani kwa nyumba moja ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kitambaa cha kijani nyuma yake na feni pembeni ya kupeperusha ukaya. Bahari na vyombo vikapigwa na droni, mwezi wa Agosti. Kisha wakakaa kwenye kompyuta, wakakitoa kijani, wakamweka mama mchangani.

Ikatoka bandia. Sio mbaya kiasi cha kuchekesha. Ilikuwa bandia kwa namna ya kuudhi, ile ambayo kila mtu anaiona na hakuna anayeweza kunyoosha kidole. Na kama ilivyo kawaida kwenye kazi hizi, lawama zote zilikiangukia kitambaa. Kijani hakijakatwa vizuri. Wakabadilisha kifaa cha kukatia, wakajaribu DaVinci Resolve, wakajaribu After Effects, wakala kingo za picha hadi nywele za pembeni ya sikio zikaisha na kichwa kikabaki kama kimechongwa kwa wembe. Wakapaka rangi ya machungwa juu ya kila kitu ili vitu vifanane. Nilipoitwa, niliambiwa nije kurekebisha kingo.

Kabla ya kugusa kingo nilifanya jambo moja ambalo halihitaji programu yoyote ya maana: niliipunguza picha hadi ikawa na ukubwa wa stempu kwenye kona ya skrini. Kwenye ukubwa huo kingo hazipo. Upana wa pikseli moja au mbili za kijani kilichobaki hauwezi kuonekana. Umesagwa pamoja na vingine. Kama kosa liko kwenye kingo, picha ndogo inapaswa kupona. Haikupona. Nikaondoa rangi yote, ikabaki nyeusi na nyeupe. Bado bandia. Basi kosa haliko kwenye kijani wala kwenye rangi. Liko kwenye umbo la nafasi na kwenye mwanga, na hapo hakuna kifaa cha kukata kijani duniani kinachoweza kusaidia.

Mwanamke wa mita 20

Tuanze na upeo, ule mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Una tabia moja ambayo wapiga picha wengi wanaifuata kwa mazoea bila kuitamka: upeo wa bahari daima uko kwenye kimo cha kamera. Kamera ikiwa mita 1.4 juu ya ardhi tambarare, mstari wa upeo utamkata kila mtu aliyesimama kwenye ardhi hiyo kwenye mita 1.4 ya mwili wake, awe hatua tano mbele ya kamera au hatua mia tano. Mtu mrefu atachomoza zaidi juu ya mstari, mtoto atabaki chini yake. Umbali haubadilishi kitu. Kimo cha kamera ndicho kinachoamua.

Mwigizaji wetu ana urefu wa mita 1.6. Stendi ya kamera ilikuwa bado imefungwa vilevile kwenye gari, tukaisimamisha na kupima kwa futi: lenzi ilikaa mita 1.4 kutoka sakafuni. Kwa hiyo upeo ulipaswa kumpita kidevuni. Kwenye picha yao ulikuwa umekaa kiunoni. Walifikaje huko? Waliusogeza mchanga wa droni mpaka ukakutana na nyayo zake, wakaacha upeo ukae popote utakapokaa. Lilikuwa wazo la kawaida kabisa. Miguu na mchanga ndivyo vitu vinavyogusana, na mtu huanza na kinachogusana.

Sasa droni. Faili la maelezo linaloandikwa na chombo chenyewe lilionyesha kwamba wakati wa kupiga kilikuwa mita 12 juu. Kwa kanuni ileile, upeo wa pleti ile, yaani picha ya mandhari inayowekwa nyuma ya mwigizaji, uko mita 12 juu ya maji, na kila kitu baharini kisichofika mita 12 kiko chini yake. Unaona sitaha za majahazi kwa juu, kama mtu anayechungulia sinia, na ncha za milingoti ndizo pekee zinazogusa mstari. Ukimweka mama huyu kwenye nafasi hiyo huku upeo ukimkata kiunoni, kwenye kama mita 0.95 ya mita zake 1.6, hesabu inakuwa hivi: kiuno kiko mita 12 juu, na kiuno ni asilimia 59 ya mwili wake. Mama ana urefu wa mita 20. Milingoti inamfika kiunoni. Ndivyo jicho lilivyosoma, na ndivyo lilivyokataa.

Mmoja wa vijana aliuliza kwa nini basi watazamaji hawakusema tu kwamba mama ni jitu. Ni swali zuri. Hawasemi kwa sababu jicho haliamui ukubwa peke yake. Linaletewa ushahidi mbili zinazopingana, mwili wa kawaida na bahari inayoonekana kutoka juu, na linapokosa jibu linarudisha neno moja tu: bandia. Mtu asiye fundi atatafuta sababu kwenye kile anachokijua, na watu wote siku hizi wanajua habari za kitambaa cha kijani.

Pepo mbili saa moja

Jambo la pili halikuonwa na mtu wa kompyuta. Mwenye nyumba tuliyokuwa tunafanyia kazi ana jamaa yake, mzee aliyewahi kuwa nahodha wa majahazi, akaja kusalimia. Shikamoo, marahaba, akaketi, akaonyeshwa. Aliitazama mara mbili bila kusema. Kisha akamgeukia kijana aliyeshika kompyuta.

“Mwanangu, ukaya wa mama huyu unakwenda huku, matanga yanakwenda kule. Pepo mbili saa moja?”

Tukatazama. Kweli. Feni ya uani iliwekwa upande wa kushoto wa fremu, ukaya ukapeperuka kulia. Matanga ya kwenye pleti yalikuwa yamevimba kuelekea kushoto.

“Na hii mmesema mwezi gani?”

“Februari, mzee.”

“Februari gani ina kusi?”

Pwani ya Bagamoyo inatazama mashariki. Ukiikabili bahari, kaskazini iko mkono wako wa kushoto na kusini mkono wa kulia. Pepo za kaskazi, zinazotawala kuanzia Desemba hadi Machi, zinakuja kutoka kushoto. Kusi ya Agosti inakuja kutoka kulia. Mzee hakuhitaji kuambiwa picha ilipigwa lini, matanga yalimwambia. Ajabu ni kwamba feni, iliyowekwa pale kwa sababu ndiyo pembe iliyokuwa na soketi ya umeme, ilikuwa sahihi kwa Februari. Bahari ndiyo iliyokuwa ya msimu mwingine.

Hapo nikaanza kuangalia mwanga kwa jicho lilelile, na ikajitokeza kitu ambacho sikukitarajia. Kwenye uso wa mwigizaji kivuli cha pua kililala upande wa kushoto wa fremu, na ukingo wa bega la kulia ulikuwa unang’aa. Mwanga wake, kwa hiyo, unatoka kulia, juu, na kidogo upande wa bahari. Kwenye pleti ya Agosti mwanga ulitoka kushoto. Ni lazima iwe hivyo: Agosti jua liko kaskazini mwa Bagamoyo, mji ukiwa nyuzi 6 na ushei kusini mwa ikweta. Februari jua limeshuka kusini, na mtu anayetazama mashariki asubuhi atalipata mbele yake, likiegemea kidogo kulia.

Yaani upepo wa pleti ulikuwa umegeuka, na jua lake limegeuka. Vyote viwili kwa mkupuo. Pindua picha ya bahari kama inavyoonekana kwenye kioo, kushoto iwe kulia, na Agosti inakuwa Februari: kusi inaonekana kaskazi, na jua la kaskazini linakuwa la kusini. Pembe hazitalingana sawasawa, kwa kuwa jua la Februari halikai pembeni kiasi hicho, lakini upande ni uleule na mtazamaji hana kipimo. Kupindua ni kitufe kimoja kwenye programu yoyote.

Kuna gharama zake. Ukipindua picha yenye ufuo, mtu wa Bagamoyo ataona mji wake umegeuzwa. Sisi tulitaka maji na mbingu tu, hivyo hilo halikutuhusu. Lakini vyombo vina majina na namba za usajili zilizopakwa kwenye omo, yaani mbele ya chombo, na zikipinduliwa zinasomeka kinyume. Ilibidi zifutwe kwa mkono. Zingefutwa hata hivyo; hakuna jahazi la 1874 lenye namba ya usajili ya karne hii.

Njia tulizoziacha

Kugeuza pleti kulitatua upepo na jua, hakukutatua mita 12. Kulikuwa na njia ya mkato, na niliipenda kuliko mwongozaji alivyoipenda: mwache mama pale alipo kwenye fremu, toa mchanga, mweke juu ya paa la nyumba ya mawe. Kamera iko mita 1.4 juu ya sakafu ya paa, paa liko mita kumi na kitu juu ya bahari, jumla inakaribia kimo cha droni, upeo unarudi kidevuni na pleti ya zamani inafaa bila kupigwa upya. Mwaka 1874 majengo ya mawe ya ghorofa yalikuwepo. Ngome Kongwe ilikuwa imekwisha kujengwa. Mwongozaji akakataa. Mwanamke mwenye pakacha kichwani hana shughuli juu ya dari la tajiri, alisema, na alikuwa sahihi.

Kumpiga mwigizaji upya hakukuwezekana, alikwisha rudi Dar es Salaam na bajeti ilikuwa imeliwa. Kwa hiyo bahari ndiyo imfuate mwigizaji. Ningependa jambo hili lieleweke kwa wanaoanza: kwenye kompoziti, yaani picha iliyounganishwa kutoka picha kadhaa, kuna moja inayoamuru na nyingine inayotii. Kwa kawaida pleti inapigwa kwanza, kimo cha kamera, lenzi, mwinamo na mwelekeo wa jua vinaandikwa kwenye karatasi, na mwigizaji anapangwa kwa kuifuata. Hapa mpangilio uligeuka, mwigizaji ndiye aliyeamuru. Vilevile inafanya kazi, mradi mmoja tu ndiye aamuru.

Wapo waliotaka picha pana zaidi, pembeni ionekane Boma ya Kijerumani kwa uzuri wake. Boma hiyo ni ya 1897. Mjadala ukaishia hapo.

Kusubiri maji mafu

Masharti ya pleti mpya yalikuwa haya. Lenzi ileile ya milimita 50 kwenye kamera ileile ya fremu kamili. Kamera mita 1.4 juu ya mchanga, imelala sawa bila kuinama. Na jua liwe na kimo kilekile kilichoonekana uani. Kimo hicho tulikipata kwa njia ya kienyeji: tukachukua mpira wa plastiki, tukaupaka rangi ya kijivu isiyong’aa, tukausogeza juani mpaka kivuli chake kikafanana na kivuli cha kwenye shavu la mwigizaji. Ilikuwa kama nyuzi 60. Kwa Bagamoyo katikati ya Agosti, jua linafika kimo hicho saa tano asubuhi, likiwa mbele kushoto kwa anayetazama bahari. Likipinduliwa linakuwa mbele kulia. Sawa na bega la mama.

Vijana wakapanga siku, wakamwambia nahodha awatafutie jahazi. Akauliza siku yenyewe, akacheka. Siku waliyochagua ilikuwa ya bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kukupwa kupita kawaida. Katika pwani hii bamvua hujaa alfajiri na alasiri, na kukupwa kwake kunaangukia saa nne au saa tano asubuhi. Saa ileile tunayoitaka jua, maji yangekuwa yamekimbia mbali, jahazi limekaa juu ya mchanga likiegemea ubavu. Ukitaka maji ufukweni saa tano, ngojea maji mafu, siku ambazo tofauti ya kujaa na kukupwa ni ndogo, na saa za kujaa zinasogea hadi muda huo wa asubuhi.

Hili si suala la urembo tu. Kimo cha kamera kinachohesabika kwa majahazi si kile cha kutoka mchangani, ni kile cha kutoka kwenye maji. Tofauti ya kujaa na kukupwa siku za bamvua katika pwani hii inazidi mita 3. Kamera iliyosimama mita 1.4 juu ya mchanga wakati bahari imeshuka mita 3 chini ya mchanga huo ni kamera ya mita 4.4 kwa chombo kilichoko majini. Sitaha zingeanza kuonekana tena. Tuliisimamisha stendi pale mawimbi yanapoishia, maji yakiwa yamejaa, ili vimo viwili vikaribiane.

Jahazi lilikuwa moja. Bajeti haikuruhusu la pili.

Moja kuwa mengi

Mbinu ya kuzidisha kitu kimoja ni ya kale kuliko kompyuta, na inahitaji nidhamu moja: kamera isiguswe. Stendi ilizikwa mchangani, ikatundikiwa mfuko wa mawe, na mtu mmoja akapewa kazi ya kuzuia watoto. Jahazi likapita kwa mbali, likazunguka, likapita kwa karibu zaidi, na kadhalika. Kati ya mapito tulirekodi bahari tupu. Kisha kwenye kompyuta unachukua bahari tupu kama msingi, na juu yake unalaza kila pito likiwa limekatwa kwa maski, yaani umbo linaloonyesha sehemu gani ya picha ibaki.

Maski hizi si ngumu. Tanga ni umbo la nukta chache tu, na linabadilika polepole. Upande wa chini ndio unaohitaji akili: usilikate jahazi kwenye mstari wa maji. Chukua na kipande cha bahari kilicholizunguka, pamoja na povu na kivuli chake majini, halafu lainisha ukingo wa maski katikati ya mawimbi. Bahari ni ileile, kamera ileile, mwanga uleule. Mawimbi yanameza mshono. Kikomo ni muda. Jua linasogea nyuzi 15 kwa saa, na pito la mwisho lisichelewe mno kulifuata la kwanza.

Mapito hayakutosha, kwa hiyo mengine yalipaswa kupunguzwa ukubwa ili yawe majahazi ya mbali. Hapo ndipo mzee aliposema, safari hii bila kuuliza: “Hilo linapaa.” Na lilikuwa linapaa.

Nitaeleza kwa hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hukwama. Kwa lenzi ile, na picha yenye upana wa pikseli 1920, jahazi lililo mita 150 kutoka kwenye kamera linakuwa na mstari wa maji pikseli 25 hivi chini ya upeo. Ncha ya mlingoti wa mita 12 iko pikseli 188 juu ya upeo. Kijana alitaka jahazi la mita 300, akapunguza ukubwa kwa nusu. Nusu ni sahihi. Lakini programu, isipoambiwa vingine, hupunguza kuelekea katikati ya kitu chenyewe. Katikati ya jahazi iko pikseli 82 juu ya upeo. Ukilikunja kuelekea hapo, tumbo la jahazi linapanda hadi pikseli 28 juu ya mstari wa bahari. Chombo kiko hewani.

Akalishusha kwa mkono mpaka likagusa mahali pa zamani, pikseli 25 chini ya upeo. Sasa halipai, lakini limekuwa jahazi la mtoto: kitu kilichoko mita 150 chenye mlingoti wa mita 6.

Dawa ni kuweka kitovu cha kupunguzia juu ya mstari wa upeo wenyewe, popote kwenye mstari huo. Kila kitu kilichoko juu ya maji tambarare, kikienda mbali mara mbili, kinapungua nusu na pia umbali wake kutoka kwenye upeo unapungua nusu. Kitovu kikiwa kwenye upeo, mstari wa maji unatoka pikseli 25 kwenda 12, mlingoti unatoka 188 kwenda 94, na jahazi linaketi penyewe. Hakuna kukisia tena. Tulichora mstari mwekundu kwenye upeo, tukafungia vitovu vyote hapo, na kazi iliyokuwa inawatesa ikawa ya kuburuta tu.

Mambo mawili zaidi yalibaki kwenye kundi hili. La kwanza, hewa. Chombo cha mbali hakina weusi. Ukungu wa bahari unaupandisha weusi wake hadi kijivu cha samawati. Jahazi lililopunguzwa kwa kompyuta linakuja na weusi wake wa karibu, kwa hiyo kila moja liliongezewa ukungu kulingana na umbali wake. La pili ni kiraka. Tanga la jahazi letu lilikuwa na kiraka cheupe karibu na foromali, ule mti unaoshika tanga, na sasa kikawa kinaonekana kwenye kila tanga baharini. Tukakifuta kwenye yote isipokuwa moja.

Kijani, hatimaye

Baada ya bahari kukaa, kingo zilizolalamikiwa tangu mwanzo zilikuwa na makosa ya kawaida tu. Kamera ilirekodi kwa biti 8 na mfumo wa 4:2:0, maana yake kwenye picha ya 1920 kwa 1080 habari za rangi zimehifadhiwa kwa 960 kwa 540 tu. Mwangaza ni mkali, rangi ni butu, ndiyo maana kingo zilikuwa na vingazi. Tulilainisha njia za rangi peke yake, mwangaza tukauacha, na picha hiyo tukaitumia kutengenezea maski tu, si kuonyeshwa. Vingazi vingi vikaondoka, nywele zikarudi.

Kijani kilichaguliwa kwa sababu mama amevaa kaniki, na bluu ingeimeza. Chaguo zuri. Ila hakuna aliyekumbuka pakacha. Lilisukwa asubuhi ileile kwa makuti mabichi. Njia ya tofauti ya rangi, ambayo msingi wake uliwekwa na Petro Vlahos kabla ya kompyuta kuingia kwenye filamu, inapima kijani kimezidi kiasi gani rangi kubwa kati ya nyekundu na bluu. Kitambaa chetu kilisoma nyekundu 60, kijani 170, bluu 70: kimezidi kwa 100. Kuti bichi lilisoma nyekundu 120, kijani 140, bluu 60: limezidi kwa 20. Kwa hiyo pakacha lilikuwa wazi kwa asilimia 20, na matanga yalionekana yakipita ndani yake kama mizimu. Maski ya mkono iliyofuata kichwa ilitosha. Kuti kavu lingeokoa kazi hiyo, na kwa kweli pakacha la mtu wa shughuli za kila siku huwa limekwisha kukauka.

Ukaya ulikuwa na shida ya pekee. Ni wa shashi, unapitisha mwanga, na kila ulipopeperuka ukingo wake ulizungukwa na utando mweusi. Hiyo ni dalili ya kuchanganya picha kwenye namba zilizokwisha pindwa kwa ajili ya skrini badala ya kwenye mwanga halisi. Hesabu za kuweka picha moja juu ya nyingine kwa kutumia alfa, yaani kipimo cha uwazi wa kila pikseli, zilizoandikwa na Thomas Porter na Tom Duff mwaka 1984, zinakwenda sawa na maumbile pale tu namba zinapowakilisha kiasi cha mwanga. Tukabadilisha mpangilio wa mradi ufanye kazi kwenye mwanga mnyoofu, utando ukatoweka. Kijani kilichorukia kwenye shashi tukakidhibiti kwa sharti kwamba kijani kisizidi wastani wa nyekundu na bluu.

Miguu ilinipa taabu kuliko nilivyodhani. Alisimama kwenye saruji, na mguu mtupu kwenye saruji hauzami. Kivuli kilikuwa rahisi: jua la nyuzi 60 na mtu wa mita 1.6 kinatoka kivuli cha sentimita 92, kinaelekea upande wa kamera na kushoto, tukakitengeneza kwa maski yake mwenyewe iliyolazwa chini. Vidole ndivyo vilivyogoma. Mwisho tulirudi ufukweni saa ileile, tukapiga lundo la makumbi ya nazi na mwani uliotupwa na maji, tukaliweka mbele ya nyayo zake.

Nahodha aliletewa shoti iliyokamilika. Upepo akaukubali, vyombo vikawa majini. Akauliza kwa nini kwenye jahazi lote zima, tena kwa safari ya kaskazi, kuna mabaharia wawili tu, mmoja kwenye usukani na mwingine tezi. Ni kweli, waliokuwemo siku ile walikuwa wawili. Mwongozaji akapiga hesabu ya muda wa kuongeza watu kwenye kila chombo, akaamua libaki hivyo.